Kabichi za Bwana Afya

Katika miaka yote tuliyokaa jirani huko Mtoni, sikumwona Bwana Afya akimaliza kikombe cha kahawa akiwa amekaa. Alikunywa hatua mbili huku, hatua mbili kule, akichungulia nyuma ya mlango wa mtu, akiinua kifuniko cha mtungi usio wake, na kahawa ikimdondokea kwenye kanzu. Kila alipoingia uani kwetu mama alimsogezea kigoda. Naye alijibu, "Nimekaa, mama, nimekaa," hali amesimama.

Cheo hicho cha Bwana Afya tulimpa sisi. Kwenye karatasi za serikali alikuwa mtu wa mbu tu, mmoja wa wale waliovaa kaptula za kaki na kuzunguka mitaa kwa miguu. Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla, na amri ilikuwa maji yasisimame mahali popote karibu na nyumba: si kwenye gudulia lililopasuka, si kwenye kifuu cha nazi, si kwenye kopo. Alibeba upawa wa bati wenye mpini mrefu na kopo la mafuta ya taa. Akikuta viluwiluwi kwenye chombo, alimwaga. Akikuta shimo la maji, alilitia mafuta, kisha akaamuru lifukiwe. Aliyekaidi alipelekwa kwa hakimu.

Wanawake hawakumpenda, na nisijifanye mwema, hata mimi sikumpenda. Maji tuliyachota bomba la barabara ya Kilwa, foleni ndefu, matusi njiani, halafu aje mtu ayamwage kwa sababu ya vidudu ambavyo bila upawa wake usingeviona. Jirani mmoja aliulaza mtungi wake kitandani, akaufunika kanga mbili, akasema mama mkwe anaumwa. Bwana Afya alisimama mlangoni, akatoa pole, akamwombea mgonjwa dua ndefu mpaka sote tukaitikia amina. Kisha akasema taratibu, "Haya, mgeuzeni mama mkwe, tumwage maji aliyokunywa." Tulicheka wiki nzima, na mwenye mtungi hakumsamehe.

Mtu huyo huyo, mwenye kuchukia maji yaliyosimama kama wengine wanavyochukia nyoka, ndiye aliyekuwa na bustani ya kabichi nyuma ya nyumba yake, kule kunakoteremka bondeni. Na kabichi, kila aliyewahi kuipanda pwani anajua, ni mlevi wa maji. Watu wa Mtoni walimcheka. Walisema hayo ni majani ya Wazungu, ya kule kwenye baridi milimani, na mchanga wetu unajua muhogo tu. Yeye hakubishana. Alipanda, akakosea, akang'oa, akapanda tena. Aliihamisha miche leo, kesho aliona kivuli hakitoshi, akaihamisha tena. Mkewe aliniambia mume wake huamka alfajiri kabla ya adhana, na si kwa swala kwanza, bali kwenda kupapasa kabichi kama zimefunga.

Nieleze sasa kwa nini nilijiingiza katika habari za kabichi. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nimerudi kwa mama yangu mjane. Kaka yangu, aliyekuwa akitulisha, alikuwa na wake wawili na subira kidogo. Alikuja siku moja akasema mbele ya mama, "Nawapa mpaka mwisho wa kipupwe. Kama hamwezi kujilisha hapa, mtarudi Maneromango kwa wajomba." Kurudi Maneromango maana yake mama angekuwa mzigo kwenye uwanja wa watu, nami ningeozwa kwa yeyote ambaye wajomba wangemwona anafaa. Nilikuwa na kipande cha shamba bondeni, kinachopakana na cha Bwana Afya, na hicho tu ndicho kilichosimama kati yangu na hayo. Nilipanda mchicha, lakini mchicha kila mtu anao. Nikaona kabichi zake zinavyochukuliwa na Wahindi wa mjini waliokuja kuzifuata kwa miguu yao. Nikameza chuki yangu, nikaenda kumwomba miche.

Alinipa bila kuniuliza mara mbili. Tena alifurahi, akaanza kunifundisha palepale, akizunguka kitalu chake, na kitalu chenyewe kilikuwa debe la mafuta lililokatwa ubavu na kuezekwa kuti.

"Usizipande masika, zitaoza. Usizipande kiangazi, zitaungua. Masika yakiisha tu, upepo wa kusi ukianza, ndiyo siku zake. Unanisikia, binti?"

"Nakusikia, Bwana Afya."

"Mche ukiwa na majani manne, jioni, jua limekwisha kulala. Samadi iliyokwisha kupoa, si ile inayotoka ng'ombe leo. Mwagilia shinani, usiimwagie kichwani, siyo mtoto mchanga unamwogesha. Na asubuhi uwatoe viwavi kwa mkono, mmoja mmoja. Majivu yanasaidia, lakini majivu hayana macho."

Msemo huo alikuwa nao kwa kila jambo. Dawa haina macho, sheria haina macho, mafuta ya taa hayana macho. Macho ni yako mwenyewe. Alikuwa na misemo mingine aliyoitunga akitembea, mingi haikuwa na maana, na mkewe alimkatiza, "Nenda huko, mwanamume wewe, utachosha watoto wa watu."

Msimu wangu wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Miche ilishika, ikanenepa, ikatanua majani mapana ya kupendeza, lakini haikufunga. Wiki zikapita, majani tu, kichwa hakuna. Za Bwana Afya upande wa pili wa ua zilikuwa zimekaza kama ngumi. Nikaanza kuwaza mabaya. Nikasema kanipa miche ya dume, kanipa alizozichoka, au kazisomea kitu. Nikasimama uani nikayasema maneno hayo kwa sauti ili yavuke ua, na yalivuka.

Alikuja mbio, hakukasirika. Aliingia kwenye matuta yangu akapiga magoti, akazitazama moja moja, akagusa kila jeraha kwenye shina pale jani lilipokatwa.

"Nani anachuma?" akauliza.

Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yetu na ungo. Alijibu kwa fahari kabisa, "Mie. Kila jioni napata mawili matatu, ya chini ya chini tu, nayaunga kwa tui. Laini, matamu, hayahitaji hata magadi."

Bwana Afya aliinua uso, akamtazama mama yangu muda mrefu. Mama alikuwa amezaliwa pwani, na kwa mtu wa pwani jani la mboga huchumwa ili lichipue. Hivyo ndivyo tunavyofanya matembele, hivyo ndivyo tunavyofanya kisamvu na mchicha. Usipochuma mmea unazeeka. Nani angemwambia kwamba kuna mboga inayojikunja yenyewe ndani, na ukiinyang'anya majani ya nje haina cha kujifungia? Hata mimi sikujua. Nilikuwa nikiyala na wali.

"Mama," akasema kwa upole ambao sijawahi kuusahau, "hii ukiichuma unaila kabla haijazaliwa."

Mama aliona haya, akaingia ndani. Mimi niliona haya zaidi kwa yale niliyoyasema, lakini sikumwomba radhi. Nilijiambia nitamwomba kesho, na kesho ikafuatwa na kesho nyingine. Kaka alikubali, baada ya mama kulia sana, kutuongezea mwaka mmoja tu.

Bwana Afya alikuwa na rafiki mmoja, na nasema mmoja kwa sababu kazi yake haikumruhusu wengi. Alikuwa fundi seremala kutoka kusini, upande wa Lindi, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kucheka. Hawa wawili hawakufanana kwa lolote. Seremala aliweza kukaa kutwa nzima akilainisha mguu mmoja wa kiti, na Bwana Afya alimzunguka akisema, akionyesha, akimkosoa, akiondoka na kurudi. Ijumaa baada ya swala walikula pamoja, sinia moja. Kabichi ya kwanza ya kila msimu ilikwenda kwa Seremala. Bwana Afya mwenyewe hakuzila. Alisema zinamjaza gesi. Nilimuuliza mara moja kwa nini ahangaike na kitu asichokila, akaniambia, "Na wewe waliokuzaa walikula?" Nadhani hata yeye hakujua alichokisema.

Msimu wa pili nilikuwa nimejiandaa. Nilichimba shimo dogo bondeni, maji yakajaa yenyewe kutoka chini, nikafunika kwa matawi. Mama alikatazwa hata kupita karibu na matuta. Kabichi zangu zilianza kukunja majani ya katikati, na kila asubuhi niliziangalia moja moja, kwa sababu mwaka wa kaka ulikuwa unakwisha.

Ndipo Bwana Afya akaliona shimo langu. Alichota kwa upawa, akainua, akanionyesha: viluwiluwi wamejaa, wakijinyonganyonga. Nilimsihi. Nilimweleza habari ya kaka na ya Maneromango, ambayo alikwisha kuijua. Nikamwambia zimebaki wiki chache tu, zikaze, nikishavuna nalifukia kwa mikono yangu.

"Sheria haina jirani," akasema. Hakuniangalia usoni. Alimimina mafuta, kisha akachukua jembe langu mwenyewe akalifukia shimo, haraka haraka, jasho likimtoka, na akaondoka bila kuaga.

Siku zilizofuata nilichota bomba la barabarani, debe kichwani, mara nyingi nisizoweza kuzikumbuka. Kisha bomba nalo likakauka, siku mbili halikutoa tone. Kabichi zangu zikalegea masikio. Siku ya pili, adhuhuri, nikatazama upande wa pili wa ua. Yeye alikuwa kazini, mkewe yuko msibani Keko. Matuta yake yalikuwa yamelowa. Mchanga ulikuwa mweusi kwa maji, saa saba ya mchana, na bomba halina kitu.

Nikaruka ua. Nyuma ya migomba yake nikakuta kuti kavu limetandazwa, chini ya kuti udongo mwembamba, chini ya udongo mbao. Zilikuwa mbao zilizopigwa randa vizuri, zimeunganishwa, zina hata mshikio. Kazi ya Seremala, asiyejua kufanya kitu ovyo hata cha kufichwa. Nikainua. Lilikuwa shimo kubwa kuliko langu, limejaa maji safi, na ndani yake visamaki vidogo vya mtoni vikatawanyika kwa kuona mwanga. Kiluwiluwi hakikuwamo hata kimoja. Samaki walikuwa wamewamaliza.

Leo, nikiwa na akili zangu, naweza kusema kwamba shimo lile halikumdhuru mtu. Alikuwa ametafuta njia akaipata, ila sheria haikuijua njia hiyo, ilijua kufukia tu. Mpaka leo sijui kwa nini hakuniambia habari ya wale samaki. Pengine aliogopa nitasema. Kama ndivyo, alinijua vizuri kuliko nilivyojijua. Lakini siku ile sikuwaza samaki. Niliwaza jembe langu mikononi mwake, nikasema moyoni, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Baada ya siku chache, bomba likiwa limeanza kutoa tena, alikuja karani wa ofisi ya afya kwa baiskeli, kuhakikisha kwamba shimo langu limefukiwa. Alitazama, akaandika. Alipokuwa anapanda baiskeli nikamwambia, "Mbona mashimo ya watu wenu wenyewe hamyaangalii? Tazama nyuma ya migomba pale, chini ya kuti."

Basi. Nilisema hayo, nikaingia ndani kupika.

Siku ya pili walikuja watatu na Mzungu wao. Mbao zilichomolewa, samaki wakafia mchangani, shimo likafukiwa, na Bwana Afya alivuliwa kaki yake wiki hiyohiyo. Miaka yake yote ya kutembea ikaishia hapo. Nilitazama kupitia tundu la ua. Nilidhani nitafurahi, na kwa muda mfupi kweli nilifurahi, kisha nikaliacha lile tundu.

Kesho ya kufukuzwa kwake, alfajiri, nilisikia maji yakimwagika upande wangu. Nikatoka na kanga moja. Bwana Afya alikuwa katikati ya matuta yangu na madebe mawili ya maji, anamwagilia shinani, kabichi moja baada ya nyingine.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Sasa sina kazi, nina miguu," akasema. "Kabichi hazijui kama nimefukuzwa. Nachota zangu, nachota na zako. Zikikaza, kaka yako atanyamaza."

Alifanya hivyo kila siku mpaka zikafunga. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi mateke nilikwisha kuyatoa kabla ya shukrani. Zile kabichi zilikuwa kubwa, nzito, zikilia zinapobanwa. Mama mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka la vitambaa, alizichukua zote, akaagiza nyingine. Kaka alikuja, akatazama magunia yetu ya mchele, akala, akaondoka. Habari ya Maneromango haikusemwa tena. Tulibaki Mtoni, mama alifia Mtoni kwa amani, na yote hayo kwa maji aliyobeba mtu niliyemchongea.

Lakini yeye alitaka kujua nani alimsema. Kwa hesabu yake, mtu mmoja tu nje ya nyumba yake alijua lile shimo, naye ni yule aliyetengeneza mbao. Alianza kwa kutomwitikia salamu Seremala. Kisha akasema barazani, watu wakisikia, kwamba siku hizi mbao zina midomo. Ijumaa ikaja, sinia likaliwa na mmoja.

Seremala alivumilia kitambo, halafu akaja na msahafu. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka majivu. Alisimama uani, akauweka msahafu kifuani, akasema, "Ndugu yangu, naapa, sijamwambia mtu. Hata mke wangu hajui." Bwana Afya alimgeuzia mgongo akaendelea kung'oa magugu. Seremala akanitazama mimi, labda kutafuta shahidi, labda bure tu. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu cha majivu. Nikainamisha kichwa nikayamwaga.

Baadaye nilipata mume mwingine, mtu wa bandarini, tukahamia Temeke. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na kazi nyingi, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Usiku nililala vizuri. Mchana ndio ulikuwa unanisumbua, nikichambua mboga. Mara nyingi nilivaa buibui niende Mtoni nikaseme, nikafika barabara ya Kilwa, nikarudi.

Nilikwenda mwezi wa Shaabani, niliposikia kwamba kisukari kimemla Bwana Afya kidole cha mguu. Niliapa safari hii sirudi bila kusema. Nilimkuta bustanini na fimbo, amekonda, anachechemea kati ya matuta.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, binti. Umenenepa. Wanakulisha huko Temeke?"

"Wananilisha."

Aliishika kabichi moja kwa mikono miwili, akaizungusha nusu mzunguko mpaka tukasikia mizizi ikikatika chini. "Imeshiba hii," akasema. "Ukiiacha iendelee kunywa itapasuka." Akaiendea nyingine. Nilimfuata nyuma, nikitafuta mlango wa kuingilia maneno yangu, nikaona njia ya karibu ni kumuuliza habari za Seremala.

"Kafa," akasema. "Mwezi wa Rajabu."

Nikasema inna lillahi. Nikamuuliza kama aliugua sana, kama mazishi yalikuwa na watu.

"Jeneza lilipita hapo." Alionyesha kwa fimbo njia iliyo nje ya ua wake, karibu kiasi kwamba ungeweza kumpa mpita njia mkono. "Mie nilikuwa napalilia. Walipunguza mwendo, wakidhani nitatoka nitie bega. Sikusimama. Sikuinua kichwa." Alifuta uso kwa kofia. "Watu wamenisema sana. Lakini ningemzikaje mtu aliyenitoa kwenye kazi yangu?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miaka, yana mwanzo mzuri na sababu. Yote yalinikimbia.

"Si yeye," nikasema. "Ni mie. Niliruka ua, nikaona, nikamwambia karani."

Alinitazama kama alivyomtazama mama yangu siku ile ya majani, lakini upole haukuwepo. Mkewe alikuwa ametokea mlangoni na sahani, akasimama papo hapo.

"Siku ile aliyokuja na msahafu," akaniuliza hatimaye, "ulikuwa unajua kwamba namdhania yeye?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Ungeniambia kabla ya Rajabu," akasema. "Hata siku moja kabla."

Nililia, na hakunikataza wala hakunibembeleza. Alikwenda ndani akachechemea hadi kwenye msumari, akatungua kanzu safi, akaivaa juu ya ile chafu. Mkewe akamuuliza anakwenda wapi na mguu ule.

"Kaburi lake silijui," akasema. "Nimwulize nani zaidi ya mjane wake? Na huyu anakuja."

Tulitoka. Nyumba ya Seremala ilikuwa si mbali, lakini ilituchukua muda mrefu kwa mguu wake, na njiani watu waliomwona akishika njia ile waliacha kazi zao wakatazama. Nilitamani aniseme, anitukane, ayaweke maneno mengi kati yetu. Hakutoa hata mmoja wa misemo yake. Tulipofika kwenye kizingiti, tukasikia ndani mtu akitwanga, akasimama hatua mbili nyuma yangu.

"Bisha wewe," akasema. "Mie sina uso."

Nikabisha hodi, na kinu kikanyamaza.